Mlango wa Kushoto

Bati la kopo la maziwa lilikuwa laini kuliko alivyozoea, na mara mbili mkasi ulimtoroka. Milimita akauweka chini, akafuta viganja kwenye suruali, akaushika tena na kuumaliza mlango wa kulia. Ulikuwa mlango wa gari lenye urefu wa mkono wake, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Akaupima. Akaupima tena, maana kipimo cha kwanza hakuwahi kukiamini maishani mwake.

Jina hilo alipewa na mafundi wenzake enzi zile akinyoosha bodi za magari, na halikuwa la kumsifu. Walisema mtu huyu hata salamu huipima kabla ya kuitoa. Yeye hakununa. Alijua kwamba wanaomcheka ndio hao hao wanaomwita pembeni mlango wao unapokataa kufunga.

Sasa gereji ilikuwa imebaki kichwani tu. Chumbani kwake, kwenye rafu tatu za ukutani, yalipangwa magari thelathini na tisa ya bati, kila moja likiwa dogo mara kumi kuliko lile lililopita mikononi mwake. Kulikuwa na pikapu ya muuza magodoro. Kulikuwa na teksi iliyogongwa nyuma mara tatu na mtu yule yule. Aliyatengeneza kwa kumbukumbu na kwa madaftari yake ya vipimo, na yote yalifungua milango na kugeuza usukani. Lakini gari lake mwenyewe, lile alilolijenga kwa mkono wake tangu mwanzo hadi mwisho, halikuwamo. Kinyozi hajinyoi.

Lile gari alilijenga kwa miaka tisa kutokana na mabaki ya magari matatu. Mbele lilitoka huku, nyuma kule, na paa alilikata akalishusha sentimita sita, kazi ambayo hata waliomcheka walikuja kuitazama mdomo wazi. Lilikuwa na milango miwili, rangi ya damu ya mzee, na viti vya kitambaa cheupe cha rangi ya maziwa. Mkewe alilitania. Kila asubuhi aliuliza, "Mke mwenzangu ameamkaje?" na Milimita alimjibu kwa makini kabisa kama kuna mafuta yanavuja au hayavuji. Macho yalipomchoka akaliuza kwa mtu wa mbali, na hakusikia tena habari zake.

Mkewe naye alifariki, mwaka wa nne sasa. Siku ya mazishi binti yao, mtoto wao wa pekee, alimshika baba yake mkono kama mtu anavyomshika mgeni, akakaa siku tatu, akarudi mji anaoishi. Hakuja tena. Alipiga simu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Waliulizana afya, wakaulizana mvua, kisha kila mmoja akangoja mwenzake aage. Milimita hakujua amekosa nini, na aliumia kutojua.

Ndiyo maana alikuwa analijenga hili la arobaini, mfano wa lile gari lake. Lilikuwa la binti yake. Na hakukusudia kumpelekea. Alitaka aje alichukue mwenyewe, aingie humu ndani, akae kwenye kiti kile pale, anywe hata maji. Huo ndio ulikuwa mpango wote.

Adhuhuri alikwenda kwa mshonaji, jirani yake wa ukuta mmoja, kuomba vipande vya kitambaa. Mama huyo alikuwa shoga wa marehemu, na alikuwa na ulimi usiopumzika kama cherehani yake. Akamchagulia kipande cheupe cha viti, kisha akakiinua kile kingine alichokiokota Milimita mwenyewe, chepesi, cha maua ya manjano, akauliza hiki nacho ni cha nini.

Milimita akamweleza kwamba ni cha kukatia mtandio wa mkewe. Ulikuwa hautoki kiti cha nyuma, miaka nenda miaka rudi. Marehemu alikuwa mtu wa kupamba.

"Mwenzetu alibahatika, shemeji," mshonaji akasema, mguu ukiwa umesimama juu ya pedali. "Kila mkifika mahali, unashuka, unazunguka gari, unamfungulia mlango. Anateremka kama waziri. Sisi wengine tulikuwa tunashuka wenyewe na mafurushi. Nilimwambia baba watoto wangu, katazame wanaume wenzako."

Milimita alirudi chumbani akiwa mrefu kidogo. Sifa hiyo alikuwa ameisikia mara nyingi, mtaa mzima uliijua, na tangu abaki peke yake ilimfaa kama blanketi. Alikuwa na makosa yake, nani hana, lakini alikuwa mume aliyemfungulia mkewe mlango.

Akaanza mlango wa kushoto.

Upande wa nje haukumsumbua. Alipofika upande wa ndani, akafungua daftari. Mlango wa kulia, wa dereva, ulikuwa na ukurasa mzima: kishikio sentimita kumi na moja, mkono wa kushushia kioo sentimita tisa, umbali wa hiki na hiki. Ukurasa wa pili ulikuwa na maneno matatu tu kwa mwandiko wake. *Kushoto: kama kulia.*

Maneno hayo yalimkera. Hakuna gari lenye kushoto kama kulia. Angekuta mwanafunzi wake ameandika hivyo angemfukuza siku hiyo hiyo.

Akaitoa ukutani picha ya maonyesho ya magari, ile ya uwanja wa mpira, siku iliyokuwa bora kuliko zote alizoishi. Alikuwa ameegemea boneti lililoinuliwa, mikono kifuani, wanaume wamemzunguka. Pembeni mwa boneti, nyuma ya kioo cha mbele, alionekana mkewe amekaa, anatabasamu, na kati ya viti viwili kilichungulia kichwa kidogo cha binti yao. Picha hiyo alikuwa ameipima kwa lenzi wiki nzima. Alijua upana wa kivuli cha gurudumu. Lakini mlango kwa ndani haukuonekana.

Basi akaweka viti viwili sambamba katikati ya chumba. Akakaa cha kulia, akashika usukani usiokuwapo, na mara kila kitu kikaja, gia, breki, kioo. Akahamia cha kushoto. Akafumba macho na kupeleka mkono mlangoni, auache utafute wenyewe. Mkono ulibaki hewani. Haukujua pa kwenda. Ndipo alipotambua kwamba katika miaka kumi na minane ya kuwa na gari lile hakuwahi kukaa upande ule hata mara moja.

Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa mmoja.

Ilikuwa Jumatano, si Jumapili, kwa hiyo jambo la kwanza aliloliuliza binti yake ni nani anaumwa. Akamwambia hakuna. Akamweleza kuhusu gari, akaona sauti yake mwenyewe inakimbia, akaeleza kuhusu daftari na viti viwili. Halafu akauliza: kwa upande wa mama, kishikio cha kufungulia kwa ndani, kilikaa juu ya mkono wa kioo au chini yake?



"Baba, unaniuliza kweli?"

"Nakuuliza kweli, mwanangu."

"Hakikuwepo kishikio. Ule mlango haukufunguka kwa ndani."

Alitaka kubisha. Mdomo ulishafunguka. Lakini kitu fulani kikarudi taratibu, tundu dogo lililozibwa vizuri kwa kitambaa, mshono usioonekana, kazi safi. Kishikio kilivunjika mwaka wa kwanza. Vilikuwapo vingine, hata dukani vilikuwapo, lakini havikufanana na kile cha kulia, na yeye hakuwa mtu wa kutia kitu kisichofanana. Akasema atatafuta pacha wake. Akaziba tundu ili lisichukize macho.

"Ndiyo maana ulikuwa unazunguka kumfungulia," binti yake akasema. Hakusema kwa ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Watu wakakuvika kilemba cha ukoka, na wewe ukakivaa."

Kisha akamsimulia siku ya uwanja wa mpira. Jua lilikuwa kali. Baba alishuka kwanza, akainua boneti, wanaume wakaja. Mama alisubiri afunguliwe. Goti lake lilikuwa bovu na kisanduku cha kufunikia gia, kile cha mbao alichokichonga baba kwa fahari, kilikuwa kirefu, hakuweza kukivuka kwenda upande wa dereva. Walikaa humo zaidi ya saa nzima. Watu walikuja kuchungulia, na mama akawatabasamia, hakutaka wajue kwamba mlango haufunguki.

"Nilitaka kunyoosha mkono nipige honi," binti akasema. "Akanishika. Akasema, mwache, leo ni siku yake. Nilikuwa na miaka minane, baba, msichana mkubwa. Nikajikojolea. Kwenye kiti chako kipya. Mama akavua mtandio akautandika juu, akaniambia tusimwambie baba."

Milimita alitazama kile kipande cha maua ya manjano juu ya meza.

"Angeniambia," akasema hatimaye. "Kwa nini hakuniambia?"

"Habari za mlango alikuambia kila mwezi. Ulimjibu unatafuta kishikio cha kufanana."

 Alikuwa na maneno mengi ya kujitetea na yote yalikuwa ya kweli kidogo. "Sikuwahi kukaa upande ule," akasema. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima, isiyo na pa kujificha.

Kule upande wa pili mlango fulani ulifungwa na sauti za watu zikapungua, kama vile binti amehamia mahali pa peke yake.

"Lifanye lilivyokuwa," akamwambia. "Usilipambe. Ukimaliza nipigie."

"Hata kama si Jumapili?"

 "Nipigie tu, baba," akasema, akakata.

Milimita alifanya kazi mchana wote uliobaki. Alishona viti kwa sindano ya mshonaji. Juu ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto, alidondosha tone moja la chai, akalitazama linavyotambaa, akalipuliza likauke. Hakujua ukubwa wake halisi. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yake kukisia kipimo, na hakuandika popote. Kisha akakata mtandio, akautandika juu, akaunyoosha kwa ncha ya kidole.

Kwenye mlango wa kushoto hakuweka kishikio. Alitoboa tundu kwa sindano, akaliziba kwa kitambaa, akautundika mlango kwenye bawaba zake. Ukafunga vizuri mno. Akaujaribu kwa kuusukuma kutoka ndani, akipitisha kijiti dirishani. Haukutikisika.

Jua lilikuwa bado dirishani, na nyuma ya ukuta cherehani ilikuwa inakwenda. Gari lilisimama katikati ya meza, damu ya mzee, linang'aa, na simu ilikuwa kando yake. Milimita alikuwa amekaa upande wa kulia, upande wa dereva, kama siku zote.  Halafu akasukuma kiti nyuma, akainuka, akashika ukingo wa meza na kuizunguka polepole, kupita mbele ya boneti, hadi upande wa kushoto. Akainama. Akaufungua mlango kwa ukucha.

Akabaki ameushikilia wazi.