Zamzam Ana Virusi

Zamzam alikuwa na ofisi ya kuchapa barua Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo: chumba kimoja, kompyuta mbili na simu. Mwaka elfu mbili wafanyabiashara wengi pale walikuwa hawajaigusa barua pepe, wakamwachia yeye awaandikie na kuwasomea. Alikuwa pia katika kundi la majadiliano la wafanyabiashara wenye barua pepe, ambamo ujumbe wa mmoja uliwafikia wote.

Asubuhi moja alifungua faili la "Bei Mpya" lililotoka kwa mtu anayemfahamu. Halikuwa na bei yoyote. Lilikuwa na kirusi, nacho kikajituma chenyewe kwa kila jina lililokuwamo kwenye kompyuta yake. Alipogundua aliwaandikia wanakundi palepale: wasilifungue, na wamwie radhi.

Mzee Isidori, muuza vifaa vya ujenzi Mtaa wa Msimbazi, alikuwa ameshalifungua, na mafaili yake yakaharibika. Akawajibu wote kwa herufi kubwa: ZAMZAM WA MTAA WA SIKUKUU ANA VIRUSI. ANATUAMBUKIZA. KAENI NAYE MBALI.

Kama ilivyokuwa kawaida, mtu aliuchapa ujumbe ule kwenye karatasi ili wasio na kompyuta nao wasome. Kariakoo ya wakati ule, ukisema mtu ana virusi umesema ana ukimwi. Karatasi ikatembea duka hadi duka.

Wateja wakaanza kumpa Zamzam kazi zao wakiwa wamesimama mlangoni. Kisha hawakuja kabisa. Rinkal, mwenye duka la vitambaa la jirani, ndiye aliyemletea ile karatasi.

"Dada, nilidhani unajua," alisema kwa sauti ya chini.

Zamzam aliisoma. Akafunga ofisi, akaenda Msimbazi.

"Shikamoo, Mzee Isidori."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Uliandika kwamba nina virusi."

Mzee akacheka. "Nilisema kompyuta. Mwenye akili anaelewa."

"Hukuandika kompyuta. Uliandika Zamzam."

"Basi nenda kapime. Ukibandika cheti mlangoni, maneno yataisha."

"Nikatolewe damu kwa sababu mafaili yako yameharibika? Hapa dukani hata kunipazia sauti huwezi. Kule kwenye kompyuta uliniandika vile mbele ya watu wote, hata kuniuliza hukuniuliza. Andika ulivyokosea."

"Nina kazi, binti."

Zamzam akavuta kiti, akaketi karibu na mlango. Kila aliyeingia kuulizia saruji au misumari alimsalimia, akamsomea ile karatasi, akamwonyesha aliyeiandika. Mteja mmoja alimwuliza mzee kama ni kweli. Wa pili akatoka bila kununua. Mzee Isidori alivumilia kwa muda, kisha akaisogelea kompyuta yake mpya, akaandika: Samahani kwa usumbufu uliojitokeza.

"Futa," Zamzam alisema. "Usumbufu haukujitokeza. Umeuleta wewe."

Akafuta. Safari hii akaandika kwamba kirusi kilikuwa cha kompyuta, kwamba Zamzam aliwatahadharisha palepale, na kwamba yeye Isidori alimchafulia jina. Zamzam akamwambia aweke kwa herufi kubwa. Akaweka.

Karatasi ya pili haikuwa na mbio za ile ya kwanza. Zamzam aliichapa na kuizungusha mwenyewe madukani. Baadhi ya wateja walirudi, wengine alisikia wamehamia kwa mchapaji mwingine huko mtaa wa Gerezani.

Aliyetangulia kurudi alikuwa Ridhiwani, muuza viatu. Aliketi, akatabasamu.

"Tumefurahi kusikia huna, dada."

"Na ningekuwa navyo, Ridhiwani? Barua yako ningeichapa kwa damu?"

Ridhiwani akatazama sakafu. Akamnyooshea barua yake. Zamzam akaipokea, akaanza kuchapa, akizigonga herufi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.