Vipande vya Manzi

Maman Nyiramahoro alifika mapema, kama kawaida, kufuta vumbi kwenye kompyuta za chumba cha intaneti pale Cyangugu, Rwanda. Védaste, mwenye chumba, alikuwa akimfundisha mteja.

"Habari haiendake nzima," alisema Védaste. "Banaikatakata. Kila kipande inapita njia yake, hata kuzunguka dunia. Kule mwisho banaviunganisha. Kama kimoja kimepotea, mashini inakiomba tena mpaka kifike."

Maman akaacha kufuta. "Hata muntu?"

"Sijajaribu, Maman."

Mwana wa Maman, Manzi, alikuwa mbeba mizigo kwenye daraja la Rusizi I, mpakani na Kongo. Mwaka 1998, vita vilipoanza upya ng'ambo, afisa mmoja alimchagua darajani akabebe masanduku ya risasi, siku mbili tu. Sasa ilikuwa 2002. Kwenye ofisi ya serikali walishikilia kwamba alikwenda kutafuta dhahabu kwa hiari yake, kwa hiyo hakufa, kwa hiyo hakuna wa kuzikwa. Matanga hayakuisha, na kwao matanga yakiwepo hakuna anayelima. Shamba la Maman kule Rwimbogo lilijaa magugu. Majirani walimwita mvivu, na hilo lilimuuma kuliko njaa.

Védaste, ambaye hakujua kumkatalia mama wa mtu, aliandika jina la Manzi mahali pa anwani. Modemu ikalia, ikapiga simu, ikatulia. Kabla ya adhuhuri ikatoa kifupa cha kisigino chenye matope mekundu. Mteja wa karibu akasogeza kiti.

Vingine vilifuata bila mpangilio. Ubavu ulinuka samaki wa Kisangani. Goti lilikuja na theluji, maana lilizungukia Ulaya. Maman aliviunganisha mkekani nyuma ya pazia, akilia polepole, huku wateja wakiendelea kusoma barua zao. Fuvu alilitambua kwa jino lililomeguka siku Manzi alipofungua chupa ya bia ya Primus kwa meno.

Mikono haikufika. Mashini iliomba, ikaomba tena.

"Inajibu nini?"

Védaste alisoma kwenye kioo. "Inasema mikono iko bado ku kazi."

Maman akashuka hadi darajani. Wachuuzi wa Bukavu walikuwa kwenye foleni na vikapu vyao. Kando ya kizuizi alisimama afisa yuleyule, nyota zimeongezeka begani, akichagua vijana wenye nguvu. Mbele yao ilitangulia mikono miwili, bila mtu, imefungwa kamba, imebeba sanduku. Kidole gumba kilikuwa na kovu la mundu alilolijua Maman.

"Manzi," alisema Maman. "Pole na kazi, mwanangu."

Mikono ikasita.

"Maman, musifunge njia," afisa alisema kwa adabu.

Mikono ikavuka. Vijana wakaifuata.

Maman akarudi Rwimbogo, mifupa ikibaki mkekani kungoja mikono, matanga yakiendelea. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta pale alipoliacha mwaka ule. Akaligeuza tu, mvua isiozeshe mpini.