Mrushaji Asiyepigwa Haongeleshwi

Lavon Mabry alikuwa na miaka kumi na minane, na mkono wake wa kulia ulirusha mpira wa besiboli kwa maili tisini na saba kwa saa. Katika shule za sekondari za Alabama unaweza kutafuta miaka na miaka usiuone mkono kama huo. Mimi ndiye niliyemwona kwanza, akiwa bado mwembamba kama ufito, na mimi ndiye niliyempigia simu Bwana Delahunt, mkuu wa wasaka vipaji wa timu ninayoifanyia kazi, nikamwambia apande ndege aje ajionee mwenyewe.

Alikuja Ijumaa ile, na hakuja peke yake. Nyuma ya wavu walijazana wasaka vipaji wa timu nyingine, kila mmoja na kile kidude cha kupimia kasi ambacho sisi tunakiita bunduki. Lavon alipoinua mguu, bunduki zote ziliinuka pamoja. Mpira ulipofika kwa mdakaji, vichwa vyote viliinama kusoma namba.

"Tisini na saba," Delahunt aliguna. "Mzee Tolliver, safari hii hukunidanganya."

"Lini nilikudanganya?"

"Na yule mnene wa mwaka juzi?"

"Yule alikuwa mzuri kabla hajaoa."

Jukwaani watu walikula karanga za kuchemsha na kuwatania wapigaji wa timu ya wageni. "We kijana, umeuona huo, au umeusikia tu ukipita?" "Mwacheni, anasubiri basi huyo!" Sauti iliyozidi zote ilikuwa ya Royce, baba yake Lavon, dereva wa lori la magogo, aliyekaa safu ya mbele kabisa.

Mchezo wa shule una zamu saba. Ya tano ilipokwisha, hakuna mgeni hata mmoja aliyekuwa ameupiga mpira akafika kituo cha kwanza. Hapo kelele zikafifia. Watu wa besiboli tuna mwiko: mrushaji ambaye bado hajapigwa haongeleshwi. Humpongezi, humpi pole, humuulizi hata kama anataka maji. Jambo lenyewe halitajwi. Ukilitaja, umemloga. Lavon alirudi kwenye kibanda cha wachezaji akaketi mwisho wa benchi, na wenzake wakajitenga naye kana kwamba ana ndui.

Nilikuwa nikitembea kando ya uzio nilipomwona. Mkono wa kulia alikuwa ameulaza mapajani, anakunja na kukunjua vidole. Vitatu vilitii. Cha pete na kile kidogo vilibaki vimelegea. Kisha akachukua chupa ya maji kwa mkono wa kushoto.

Nikasimama pale pale nimtazame akirusha.

Zamu ya sita akaingia, na bunduki zikaendelea kufurahi. Lakini kila baada ya mpira mmoja aliuachia mkono ukaning'inia, akaukung'uta kama mtu anayekausha maji, na kiwiko kilikuwa kimeanza kushuka. Kila alipofanya hivyo, wale wataalamu wote walikuwa wameinama.

Nikamrudia Delahunt. "Tazama kiwiko chake."

"Namba haijashuka."

"Namba hushuka mwisho, bwana. Mkono ukiwa umeshaharibika."

"Basi ikishuka niite," alisema, na macho yake hayakutoka kwenye bunduki.

Zamu ilipokwisha nikaenda mlangoni mwa kibanda na kumwita Kocha Hutto kwa kidole.

"Kocha, mtoe huyu mtoto."

"Shhh!" Karibu anizibe mdomo. "Wewe una kichaa?"

"Muulize tu kama anaumwa."

"Nimuulize? Sasa hivi? Unataka mji huu unichome moto na gari langu? Imebaki zamu moja, wapigaji watatu wa kutoa, mzee. Watatu!"

"Basi kaa karibu naye."

"Hakai mtu pale. Unajua vizuri hakai mtu pale."

Nilijua. Mimi mwenyewe nimewafundisha vijana wengi mwiko huo. Nikapanda hadi safu ya mbele, nikamwinamia Royce sikioni.

"Royce, mwanao ana maumivu."

"Tolliver, funga domo lako. Usiniharibie mtoto."

"Vidole vyake viwili vimekufa ganzi."

"Angeumwa angesema."

"Angesema na nani?"

Royce aliivua kofia yake, akaivaa tena, akaendelea kutazama uwanjani.

Lavon alikuwa ameshachukua glavu na mpira, anatoka. Kama nimekosea, nitakuwa nimempora siku ambayo hataipata tena maishani, na jina langu halitakuwa na thamani hapa wala kwa Delahunt. Kama sijakosea, kano inayoshikilia kiwiko inaweza kukatika mbele ya macho yetu. Daktari huishona, na mkono hukaa zaidi ya mwaka bila mchezo. Wengine hawarudi kabisa. Nikashuka, nikaushika uzio.

"Lavon!"

Uwanja mzima ulinisikia. Mtu alitoa ukelele kama aliyemwagiwa uji wa moto. Boone, mdakaji, alisimama njiani akasema, "Mzee, nakuomba, usi—"

"Lavon, kiwiko kinauma?"

Aligeuka. Alimtazama kocha, akamtazama baba yake, kisha akaja hadi kwenye uzio.

"Vidole, Mzee Tolliver," alisema kwa sauti ndogo. "Siusikii mpira mkononi. Tangu zamu ya nne."

"Mbona hukusema?"

"Kila nikimsogelea mtu anakimbia."

Kocha Hutto alikuwa amesikia. Akanyoosha mkono, na Lavon akamkabidhi mpira.

Mrushaji aliyeingia badala yake alipigwa mpira wake wa kwanza kabisa, ukaruka hadi kwenye ukuta wa nyuma. Hapo nikayasikia niliyostahili na nisiyostahili. "Mchawi!" "Nenda kalale, babu!" Maganda ya karanga yenye maji yalinipiga mgongoni. Wasaka vipaji walikuwa tayari wanafunga mikoba. Delahunt naye alinipita na mkoba wake.

Royce alinikuta kwenye maegesho, Lavon akiwa nyuma yake.

"Watu watatu, Tolliver! Si angemaliza tu! Wale wote walikuja kwa ajili yake!" Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Akamrushia mwanawe funguo. "Washa gari, kabla sijamfanyia huyu mzee kitu kibaya."

Funguo zilimgonga Lavon kiganja cha kulia, zikaanguka. Aliinama, akaziokota kwa mkono uleule. Zikaanguka tena. Alibaki ameinama, anazitazama.

Royce aliacha kufoka.

"Lete huo mkono," alisema. Aliushika kwa mikono yake miwili, akabonyeza kile kidole kidogo. "Hapa unanisikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana, baba."

"Nilikuwa nimekaa mbele kabisa," Royce alisema, sijui akimwambia nani.

"Baba, wale watu wa timu wameondoka?"

"Wameondoka. Panda gari." Alimfungulia mlango mwenyewe, akamfunga mkanda kama mtoto mdogo. Kisha akaniuliza, macho yakiwa chini, "Yule daktari wa mifupa uliyewahi kumtaja, anapatikana saa hizi?"

"Nitampigia njiani. Mimi natangulia, wewe nifuate."

"Twende," alisema. "Na usiende polepole."