Visigino vya Baldomero

"Niliteleza jikoni," Baldomero alirudia, akimwangalia daktari tu ili macho yake yasikutane na ya mkewe, Ludivina.

Daktari Zosima aliinua picha ya eksirei dirishani. "Mzee, visigino vyote viwili vimepasuka. Anayeteleza huangukia makalio. Hivi ni vya mtu aliyeporomoka kutoka juu akatua wima. Na mtu wa hivyo lazima nimpige picha ya mgongo pia, maana kishindo hupanda mpaka kwenye uti."

Hapa kisiwani Leyte, kijijini kwao, kirefu kuliko nyumba ni mnazi tu. Baldomero, mgema mstaafu aliyemwapia mkewe miaka kumi iliyopita kwamba hapandi tena, akainamisha kichwa.

"Jana wazee wenzangu walikumbushana tembo langu, wakalisifu mno. Nimepanda leo tu, mara moja!"

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," Ludivina alifoka. "Wewe ukisifiwa unapanda!"

Picha ya mgongo ikaja. Daktari akatabasamu. "Mshukuruni Mungu, mgongo haukuvunjika leo. Ila pingili hii ilibonyea zamani, ikapona yenyewe."

"Zamani?" Ludivina akasimama. "Mwaka juzi uliniambia umeumia mgongo ukicheza harusini! Nikakukanda mafuta ya nazi mwezi mzima. Na nazi zenyewe uliniletea wewe, ukasema zimeanguka!"

"Zilianguka kweli, mke wangu," Baldomero akajibu kwa unyonge. "Tulianguka pamoja."