Moyo Ulioloweshwa na Mihogo

Jumatatu saa mbili asubuhi Léontine alibeba kapu la mihogo michungu hadi kijito cha nyuma ya kanisa, akailoweka kwenye dimbwi ambamo wanawake wote wa mtaa ule wa Kasongo huloweka. Kila mwanamke hufunga kitambaa chake kwenye kijiti kando ya mihogo yake, na hakuna anayegusa ya mwenzake. Baada ya siku tatu muhogo hulainika, uchungu ukaenda na maji. Kitambaa cha Léontine kilikuwa cha kijani, kipande cha kitenge chake cha harusi. Alipomaliza kukifunga, aliingiza mkono kifuani, akauzungusha moyo wake kama mtu anayeng'oa muhogo ardhini, akautoa na kuuweka chini ya mihogo.

"Weka kitu kizito juu," alisema jirani yake Mwamvita, aliyekuwa analoweka upande wa pili. "Maji ya mwezi huu iko na nguvu. Itabeba moyo mpaka Lualaba, utaenda kuutafuta Nyangwe kwa wavuvi."

"Ni jiwe, mama."

"Basi hautaenda mbali."

Moyo huo ulikuwa jiwe tangu mwaka uliopita. Mume wake, Octave, alisimamishwa na wenye silaha kwenye kizuizi cha barabara ya Kabambare, akiwa na baiskeli na madumu mawili ya mawese, na hakurudi. Léontine alikimbilia Kasongo akiwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto wao, Sarah-Grâce, alizaliwa salama, akanyonya majuma mawili, kisha akakataa. Maziwa yalikuwapo, lakini kifua cha mama yake kilikuwa kimezidi kuwa baridi, kama sakafu ya simenti, na mtoto akikiegemea tu alilia na kugeuza uso. Sasa alikuwa na miezi mitatu. Mwamvita alimnywesha uji mwepesi kwa kijiko. Muuguzi alipompima mara ya mwisho aliandika kwamba uzito umepungua.

Baiskeli yenyewe ilikuwa Kasongo. Ilipita mbele ya kanisa kila siku, na aliyeipanda ni Bruno, ambaye mwaka uliopita alisimama kwenye kile kizuizi pamoja na wenye silaha, na sasa alikuwa na sare na cheo. Léontine aliitambua kwa kengele yake, na kwa kitambaa cha kijani, kipande cha kitenge kilekile cha harusi, ambacho Octave alikifunga kwenye kiti. Alikwenda kushtaki mahakamani. Karani alimpa kiti, akamsikiliza kwa adabu, akamwomba fakitire, yaani risiti ya kununulia baiskeli. Léontine alimweleza kwamba fakitire ilikuwa mfukoni mwa Octave. Karani aliandika: fakitire haipo.

Alhamisi mihogo ilikuwa imelainika. Moyo ulikuwa vilevile. Mwamvita aliugonga kwa kucha, ukalia ko-ko.

"Umeloweka tu, haujaomba," alisema. "Wewe mukristo wa namna gani? Mimi niko muislamu, hata muhogo siuweki mu maji bila bismillahi."

"Nikianza sala ninafika pa kusamehe, sauti inakwama."

"Enda kwa katekista wenu. Ile haiko kazi yangu." Mwamvita alimchukua mtoto. "Enda, mimi ninabaki naye."

Katekista Zéphirin alikuwa akipiga lipu ukuta wa kanisa kwa udongo. Alinawa mikono, akautazama moyo ambao Léontine alimletea ndani ya beseni.

"Mungu aliahidi kuondoa moyo wa jiwe na kutoa wa nyama," alisema. "Lakini hakusema tumudanganye. Mwambie ile iko ndani."

"Hata kama ni mbaya?"

"Yeye anaijua tayari, mama. Anangoja wewe."

Léontine alirudi kijitoni, akapiga magoti kwenye matope.

"Bwana," alisema, "ule mutu wa baiskeli simutaki. Sitaki hata kivuli chake. Lakini mutoto anataka kunyonya. Fanya Wewe, mimi nimeshindwa."

Akaurudisha moyo majini. Ijumaa alikuja akasema maneno yaleyale. Jumamosi pia. Jumapili, kabla ya misa, alisema tena, na alipoinuka aligundua kwamba alikuwa amesahau kutaja kivuli.

Mwamvita aliubonyeza moyo kwa kidole gumba, kama wanawake wanavyopima muhogo.

"Umelainika. Urudishe haraka, usioze."

Léontine aliuosha, akaurudisha mahali pake. Ulikuwa na joto. Katikati ya misa Sarah-Grâce alinyonya titi la kushoto, kisha la kulia, akarudi la kushoto. Watu walipoanza sala ya Bwana, Léontine aliisema pamoja nao, akafika pa kusamehe, akapita polepole, kama mtu anayevuka mto kwenye gogo.

Nje kengele ya baiskeli ililia. Moyo ukauma. Haukuwa umeuma tangu Octave apotee, kwa kuwa jiwe haliumi. Léontine alimlilia Octave palepale kwenye benchi, kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Mtoto aliendelea kunyonya.

Jumatatu alirudi kwa karani na mtoto mgongoni.

"Nimemusamehe," alisema. "Lakini baiskeli ni yetu."

"Fakitire iko?"

"Iko mfukoni kwa Octave."

Karani aliandika tarehe, akaandika fakitire haipo, akamtakia siku njema.

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, nje ya mlango. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimelegea na ncha yake iligusa tairi. Léontine alisimama, akakifungua, akakifunga upya kwa mafundo mawili, jinsi Octave alivyozoea. Kisha Sarah-Grâce akaanza kulia kwa njaa, naye akaenda nyumbani kumnyonyesha.