Mti Juu ya Ufuo

Mwarobaini ule haukupandwa na mtu. Uliletwa na ndege, na ndege hana adabu, mbegu huiacha pale tumbo linapomtuma. Hii aliiacha uani kwa Bi Mwanakuu, mtaa wa Kuze, shibiri moja tu kutoka ukutani. Mwanamke mwenye akili zake angeung'oa ungali na majani mawili. Bi Mwanakuu alikuwa na akili zake timamu, na aliumwagilia maji.

Sababu anayo. Mumewe, Bwana Shee fundi saa, alifariki miaka minne iliyopita. Asubuhi ya maziko wanaume walimtoa kwa mlango wa uani kwenda kumwosha, na Bi Mwanakuu, aliyekuwa ndani katikati ya wanawake, akasikia jembe likichimba huko nje. Akajua huo ndio ufuo, lile shimo la kupokelea maji ya kumwoshea maiti, ambalo watu wenye heshima hawalikanyagi. Mama mkwe wake alichimbiwa ua ule ule, na baba mkwe vile vile. Kisha akakaa eda ya kikale, chumbani, hata chakula akiletewa. Alipotoka baada ya miezi minne na siku kumi alikuta karibu na ukuta udongo uliofukuliwa na kufukiwa, na juu yake kijiti kilichoanza kuchipua. Hakumwuliza mtu. Ya nini kuuliza jambo lililo wazi?

Tangu hapo kila asubuhi alitoka na kikombe chake cha kahawa, akaketi kwenye kigoda, akatoa salamu. "Assalamu alaykum, Bwana Shee." Halafu huanza. Bei ya nguru imepanda. Ile saa ya ukutani imesimama tena na mafundi wa siku hizi hawajui ila kutia betri. Mejumaa, binti yao aliyeolewa Jeddah, amepiga simu mwezi uliopita, hajambo, ana haraka. Msimcheke. Alijua fika kwamba mti ni mti, na hakuuomba kitu. Aliuzungumzia tu, kwa sababu katika nyumba ile ya vyumba sita hapakuwa na mwengine wa kuzungumza naye. Watu walijaa siku ya hitima, wakapungua siku ya arubaini, na baada ya hapo kila mtu akashika lake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mti ukanenepa. Mwaka wa nne ulipita dari, na ukuta wa mawe na chokaa, uliosimama tangu enzi za babu zake Shee, ukapasuka ufa wa kuingia vidole vitatu. Ukuta ule ni wa shirika. Upande wa pili anakaa Bwana Abdulgani, muuza leso wa Biashara Street, rafiki wa marehemu tangu chuo cha Kurani. Mara mbili alituma mtu kuja kusema, kwa heshima zote, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mara mbili Bi Mwanakuu alijibu, "Inshallah." Mara ya tatu jiwe lilianguka lenyewe. Siku nzima Bi Mwanakuu alilia peke yake, kisha akamwita Kaingu, kibarua wa kukata miti.

Kaingu alikuja Jumamosi na shoka, jembe na tarimbo. Akauzunguka mti, akaupapasa.

"Mama, huu tukikata juu tu utachipuka tena. Lazima tuufuate mpaka kwenye mzizi."

"Chimba," alisema Bi Mwanakuu. "Lakini polepole. Hapo pana ufuo wa mume wangu."

Kaingu akavua viatu. Hakuambiwa avue; alivua mwenyewe, na kwa hilo Bi Mwanakuu alimpenda papo hapo. Matawi yalianguka, kisha shina. Halafu akaanza kuchimba kwa taratibu kama mtu anayechimbua mihogo. Bi Mwanakuu alikaa kwenye kigoda chake akisoma Fatiha kwa sauti ndogo. Alitaraji kuona nini, hata mwenyewe hakujua. Labda mchanga mweupe. Labda kitu cha kumwambia kwamba hakukosea.

Jembe liligonga kitu kigumu. Kaingu akainama, akafuta udongo kwa kiganja.

"Mama, huu ni mfereji."

Kweli ulikuwa mfereji wa maji, bomba la chini kwa chini, umeungwa kwa kiungo cha plastiki, na kwenye kiungo maji yalitiririka kidogo kidogo. Mizizi yote ilikuwa imeuzunguka. Mti ulikuwa ukinywa hapo miaka minne.

"Ufuo uko wapi?" aliuliza Bi Mwanakuu.

"Hapa hapana ufuo, mama. Hapa alichimba fundi wa maji."

Wakati huo ndipo Bwana Abdulgani alipopiga hodi, amekuja kutazama ukuta wake. Alikaribishwa, akasimama mbali kidogo kwa adabu. Bi Mwanakuu hakumpa hata nafasi ya kumaliza salamu.

"Bwana Abdulgani, Shee mulimuosha wapi?"

Mzee alishangaa. "Kwangu, Bi Mwanakuu. Siku ile mfereji wenu ulipasuka asubuhi, nyumba nzima haina maji. Nikamwita fundi aufukue auunge. Shee tukampitisha huo mlango wa nyuma, tukamuoshea uani kwangu. Ufuo nikauchimba mimi kwa mkono wangu."

"Hakuna aliyen'ambia."

"Nani atamwambia mfiwa habari za mifereji?" Alitazama chini. "Mahali penyewe nilitia saruji mwaka juzi. Pana tangi la maji sasa. Wallahi laiti ningejua... Lakini mbona hukuniuliza, dada yangu?"

"Ningekuuliza lini?" alisema Bi Mwanakuu. "Tangu arubaini hukuvuka kizingiti hiki."

Abdulgani alijibu kwa sauti ndogo.

"Mimi kila asubuhi nakusikia. Nakwenda kufungua maji ya tangi, nakusikia upande huu wazungumza, wacheka. Nikajua wapiga simu na Mejumaa. Nikamwambia na mke wangu, yule alhamdulillahi, hana upweke, ana watu wake wa kuzungumza nao. Tusende kumsumbua."

Kaingu alijifanya ana kazi na jembe lake. Bi Mwanakuu alivuta leso akajifunika uso. Aibu ilimshika, kisha uchungu ukaipita aibu. Yale maneno aliyouambia mti ndiyo yaliyomfukuzia watu mlangoni.

"Ung'oe wote," alimwambia Kaingu. "Usibakishe mzizi."

Jioni shimo lilifukiwa. Abdulgani aliahidi kuleta fundi wa kuziba ufa, Kaingu akabeba magogo yake akaenda, na ua ukawa mkubwa na mweupe. Bi Mwanakuu alikula wali wake amesimama jikoni.

Asubuhi ya pili alitoka na kahawa yake kwa mazoea, akaketi. Salamu ilimfika mdomoni, akairudisha. Kwenda kuliamkia tangi la watu hakuweza, na kuuamkia udongo mtupu hakuweza pia. Kahawa ikapoa. Hakupata kuuona upweke kama aliouona asubuhi ile, kwa sababu sasa hata uwongo wa kuufunika hakuwa nao.

Upande wa pili wa ukuta maji ya tangi yalifunguliwa, yakafungwa. Nyayo zilikwenda hatua mbili, zikasimama.

"Bi Mwanakuu?" sauti ya Abdulgani ilipita kwenye ufa. "Mbona leo husemi?"

Miaka minne alisema na mti asubuhi nzima bila kukosa neno. Sasa ameitwa na mtu, na maneno yote yalimtoroka. Alisimama, akausogelea ukuta, akaweka mkono kwenye ufa.

"Nipo," alisema. Na kwa kuogopa asije akaondoka, akasema tena kwa nguvu zaidi, "Nipo, Bwana Abdulgani. Usende."