Sentensi ya Wifi

Mhadhiri ndiye aliyemwalika. "Njoo unione nikifundisha, wifi. Mtu yeyote anaruhusiwa." Wifi yake, dada wa mumewe, ni fundi cherehani. Siku hiyo alifunga duka mapema, akavaa gauni aliloshona mwenyewe, akakaa safu ya tatu.

Mada ilikuwa namna Kiingereza cha maandishi kinavyopanga habari ndani ya sentensi. Mara nyingi, alieleza mhadhiri, analolijua msomaji hutangulia, na jipya huachwa mwishoni. Kisha akabonyeza kitufe, mfano ukatokea ukutani. Alikuwa ameuchomoa kwa haraka kwenye ujumbe mmoja wa simu yake juma lililopita, akijisifu moyoni kwamba hakuweka jina la mwandishi. Kwa Kiswahili ungekuwa hivi: Ni wewe uliyeniogesha.

"Mnaona? Jipya limerukia mbele, la zamani linaburuzwa nyuma. Mwandishi huyu amevaa suruali kichwani!"

Ukumbi uliangua kicheko. Naye alipoinua macho, akamwona wifi. Alikuwa akicheka kuwashinda wote, kiganja mdomoni, huku machozi yakimlengalenga.

Ndipo mhadhiri alipokumbuka ni nani aliyemwandikia sentensi ile. Aliruka mifano miwili, akajikwaa kwenye maneno aliyoyafundisha miaka nenda rudi. Alipomaliza, kiti cha safu ya tatu kilikuwa kitupu.

Alijifungia ofisini, akaufungua ujumbe wote. Wifi aliuandika alipotoka hospitali, kwa Kiingereza, lugha ya kazi ya mhadhiri, ili shukrani ipendeze. Juu ya ile sentensi kulikuwa na nyingine: watu wanauliza nani aliniogesha, binti yangu au nesi. Basi kuogeshwa kulikwisha kujulikana. Jipya lilikuwa "wewe", na katika jibu la swali kama hilo hutangulizwa kwa mkazo, basi lilikaa mahali pake hasa. Ni yeye mhadhiri aliyeikata sentensi kichwa, kisha akaicheka kwa kukosa kichwa. Akaifuta kwenye somo lake.

Asubuhi alikwenda dukani. Wifi alikuwa akimpima mteja kiuno.

"Karibu, mwalimu," alisema, bila kugeuka.

Mwalimu! Tangu aolewe hakuwahi kuitwa hivyo na ndugu yeyote wa mumewe. Alisimama kando ya pasi mpaka mteja akatoka.

"Wifi, nimekukosea. Sentensi yako haikuwa na kasoro. Mimi niliisoma nusu, na hata ingekuwa na kasoro…"

"Umeifuta pale ukutani?"

"Nimeifuta."

"Walijua ni mimi?"

"Hapana. Hakuna aliyejua."

"Mimi nilijua." Wifi alikaa, akajaribu kutia uzi kwenye sindano. Mara ya kwanza ukakosa tundu, na ya pili pia. "Kaka yangu, umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie. Atanionea huruma, nami huruma yake siitaki."

Mhadhiri aliitikia kwa kichwa. Alingoja aambiwe akae. Hakuambiwa, naye hakujiona ana haki ya kuvuta kiti.